Giza la Doom na Tochi ya Wachezaji

Usiku wa dunia hatuuwezi. Jua likizama, giza huwafikia tajiri na maskini; mwenye taa huiwasha, na asiye nayo hungojea mwezi. Hakuna awezaye kumshtaki mtu kwa sababu usiku umeingia. Lakini uko usiku mwingine, mdogo, ambao watu wa zama zetu wameufanya kwa mikono yao wenyewe, nao ni usiku ulio ndani ya mchezo wa kompyuta. Usiku huo una mwenyewe. Mtu fulani aliketi, akafikiri, akaamua chumba hiki kiwe na kiza na ukumbi ule uwe na mwanga. Na kwa kuwa uliamuliwa na mtu, mtu mwingine aweza kuuliza kwa nini uliamuliwa hivyo, na mtu wa tatu aweza kuugeuza.

Insha hii yaeleza habari za watu hao watatu: mtungaji aliyetia giza, mchezaji aliyelinung'unikia, na fundi aliyetwaa zana akalipunguza. Marekebisho yafanywayo na wachezaji juu ya mchezo uliotungwa na wengine huitwa modi. Machoni pa wengi ni jambo la mchezo tu, tena mchezo wa watoto. Lakini ndani yake mna swali ambalo wenye hekima wameulizana tangu zamani: kazi ya sanaa ikishatoka mkononi mwa aliyeitunga, ni nani mwenye haki juu yake?

Tuanze mwaka 1993. Tarehe 10 Desemba ya mwaka huo, kampuni ndogo iitwayo id Software, iliyokuwa katika jimbo la Texas huko Marekani, ilitoa mchezo ulioitwa Doom. Ndani yake mchezaji alikuwa askari aliyebaki peke yake katika vituo vilivyojengwa juu ya miezi ya sayari ya Mirihi, akipigana na majini waliotoka jehanamu. Sehemu ya kwanza ya mchezo ilitolewa bure, watu wakaipokezana, ikaenea upesi katika nchi nyingi. Wengi waliouona walishangazwa na mambo mawili: kasi yake na kiza chake. Michezo mingi iliyoutangulia ilikuwa na kuta zenye mwanga wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika Doom taa zilizimika na kuwaka, pembe zilikuwa nyeusi, na kitu kilichokuwa mbali kilizama gizani kama mtu aendaye zake usiku.

Je, giza hilo lilifanywaje? Hapa msomaji astahimili kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha habari. Kompyuta haijui giza wala nuru, yajua hesabu. Watungaji wa Doom waligawa kila jengo katika sehemu ndogo ndogo, na kila sehemu wakaipa namba moja ya mwangaza, kutoka 0 mpaka 255. Sifuri ni kiza totoro; 255 ni mchana mweupe. Mchezo mzima ulitumia rangi 256 tu, na ndani yake mliwekwa majedwali yaliyoonyesha kila rangi igeuke rangi gani ya giza zaidi kwa kila daraja la kiza. Madaraja hayo yalikuwa 32. Kitu kilipokuwa mbali na mchezaji, programu ilishuka madaraja, nacho kikafifia.

Basi taa iliyochorwa ukutani haikuangaza kitu. Ilikuwa picha ya taa. Aliyeangaza ni fundi aliyeijua taa ile imewekwa wapi, akaiongezea sehemu iliyoizunguka namba ya mwangaza, ili mchezaji adhani nuru yatoka kwenye taa. Akitaka taa izimezime kama yenye kasoro, aliipa sehemu ile alama ya kumeta. Hata kuta zilifanyiwa hila: zilizoelekea upande mmoja zilipunguziwa mwangaza kidogo, na zilizokatiza upande wa pili zikaongezewa, ili pembe ya chumba ionekane wazi. Huu ulikuwa udanganyifu, lakini udanganyifu wa halali, kama ule wa mchoraji atiaye kivuli chini ya embe ili embe lionekane limelala mezani.

Sasa yafuata jambo lililofungua mlango. Mwaka 1992 kampuni ile ile ilikuwa imetoa mchezo ulioitwa Wolfenstein 3D, na wachezaji wenye udadisi walipata njia ya kuingia katika mafaili yake na kubadilisha picha na vyumba. Lakini njia yao ilikuwa ya kubomoa: ili kuweka kipya, iliwapasa kuandika juu ya kilichokuwapo, na asili ikapotea. Mabwana wengine wangekasirika na kutia kufuli. John Carmack, aliyekuwa mkuu wa programu katika kampuni ile, alipendezwa. Mchezo wa Doom ulipotungwa, alitenga mambo mawili ambayo hapo awali yalichanganyika: upande mmoja injini, yaani programu iendeshayo mchezo, upande wa pili vyumba, picha, sauti na namba za mwangaza, vyote vikafungwa katika faili la namna ya pekee lililoitwa WAD. Mchezaji aliyetengeneza faili lake aliiamuru programu ilisome juu ya lile la asili. Programu ilitwaa kipya mahali kilipo na cha zamani mahali pengine pote. Asili haikuguswa, ukiliondoa faili lako, mchezo ulirudi kama ulivyotungwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1994, wiki chache tu baada ya mchezo kutoka, watu waliokuwa New Zealand na Ubelgiji walishirikiana kwa njia ya mtandao wakatoa zana ya kuhariria vyumba vya Doom, nao hawakuwa waajiriwa wa kampuni. Kwa zana hiyo mvulana au msichana aliyekuwa na kompyuta nyumbani aliweza kufungua ukumbi aliouogopa jana, akasoma namba yake ya mwangaza, akaibadilisha. Akitia 255 mahali palipokuwa na 96, hofu yote ilitoweka: yule jini aliyejificha pembeni alionekana amesimama kama mtu angojeaye gari kituoni. Akitia 32 mahali palipokuwa na 192, chumba cha kawaida kikawa pango la kutisha, ilhali hakuna ukuta uliosogezwa wala adui aliyeongezwa. Wengi waliokuja kuwa watungaji wa michezo walijifunza hapo somo lao la kwanza, kwamba kuangaza si kuonyesha tu. Kuangaza ni kuchagua kitakachofichwa.

Watungaji wa Doom wenyewe walilijua hilo. Ndani ya mchezo waliweka miwani ya kukuza mwanga. Mchezaji aliyeiokota aliona kila mahali peupe kwa muda wa sekunde 120, kisha giza likarudi. Tena walitia kitufe cha kuongeza mwangaza wa kioo, chenye daraja nne, kwa kuwa vioo vya kompyuta za wakati ule havikulingana. Angalia tofauti ya vitu hivi viwili. Miwani ni sehemu ya hadithi: ina thamani yake, nayo yaisha. Kitufe ni sehemu ya kioo: chapatanisha macho ya mchezaji na nia ya mtungaji. Ugomvi wote tutakaousimulia umetokana na watu kuvichanganya vitu hivi viwili.

Na hapa pafaa tueleze kosa ambalo wanafunzi wengi wa modi hulifanya. Mtu akiona picha ina giza mno, wazo lake la kwanza ni kuongeza kiasi kimoja kwa kila namba. Tuseme aongeza 40. Penye 0 sasa pana 40, na weusi umekuwa kijivu kama ukungu. Penye 230 palipasa pawe 270, lakini ukomo ni 255, basi vyeupe vyote vimegandamana na alama zake zimepotea. Mafundi hutumia njia nyingine iitwayo gama. Hiyo ni hesabu ya vipeo inayoziinua namba za katikati na kuziacha za miisho mahali pake. Kwa gama ya 2.2, namba 64 hupanda ikawa kama 136, lakini 0 hubaki 0 na 255 hubaki 255. Kiza chenyewe chabaki kiza. Kilichofunuliwa ni kile kilichokuwa kimejificha baina ya kiza na mwanga. Mwanafunzi auguaye hesabu za vipeo na kuuliza zina faida gani, na alijibiwe swali lake hapo.

Mwaka 1996, mwezi wa Juni, kampuni ile ilitoa mchezo wa Quake, na nuru ikapiga hatua nyingine. Sasa fundi hakukitia chumba namba moja. Aliweka taa mahali mbalimbali na kuzipa nguvu. Kisha programu ya pembeni ilipima kutoka kila taa hadi kila kipande kidogo cha ukuta, ikiuliza: je, kuna kitu kinachoizuia nuru njiani? Kama kipo, palitiwa kivuli. Kama hakipo, palitiwa mwanga kwa kadiri ya umbali. Majibu yalihifadhiwa katika ramani za nuru zilizobandikwa juu ya kuta. Hesabu hii ilikuwa ndefu, nayo ilifanywa mara moja tu, kabla mchezo haujachezwa, kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuirudia kila nukta.

Kumetameta kwa taa katika Quake kuliandikwa kwa herufi. Herufi a ilikuwa kiza, m ilikuwa mwanga wa kawaida, na z ilikuwa mwanga maradufu. Fundi aliandika mstari wa herufi, na programu ikausoma herufi kumi kwa kila sekunde, taa ikipanda na kushuka kama ilivyoamriwa. Hivyo mtu aliweza kuandika mshumaa kama aandikavyo neno. Injini ya Quake ilikuja kuwa msingi wa mchezo wa Half-Life, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 1998, na mistari ile ya herufi ikarithiwa pamoja nayo. Mwaka 2020, Valve ilipotoa Half-Life: Alyx, wachezaji wenye macho makali waliitambua taa mbovu iliyozimazima kwa mwendo ule ule wa Quake. Ilikuwa imerithishwa kwa miaka 24, kama mapigo ya ngoma yanayofundishwa na babu kwa mjukuu.

Lakini Quake ulileta na taabu mpya, kwa kuwa watu waliucheza wengi pamoja, kila mmoja nyumbani kwake, kwa njia ya mtandao. Ndani ya programu mlikuwa na amri iliyofuta vivuli vyote na kung'arisha kila ukuta sawasawa. Mtu aliyecheza peke yake aliitumia apendavyo, hakumdhulumu mtu. Lakini wakiwapo wawili, mmoja amejificha gizani akitumaini kiza kitamsitiri, na mwenzake amefuta giza bila kumwambia, huo si mchezo tena. Ni sawa na kucheza bao na mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Watungaji waliliona hilo, wakaiagiza programu yenyewe irudishe amri ile kuwa sifuri kila mara wachezaji walipokuwa zaidi ya mmoja. Hapo pakawekwa mpaka ambao hata leo wachezaji waungwana huuheshimu: nuru ya mtu aliye peke yake ni hiari yake, nuru ya walio wengi ni mapatano.

Sasa tumefika mwaka 2004, na ugomvi wa tochi.

Tarehe 3 Agosti ya mwaka huo kampuni ya id Software ilitoa Doom 3, kazi iliyongojewa kwa miaka. Carmack alikuwa ameandika injini mpya ambayo haikutegemea ramani za nuru zilizopigiwa hesabu zamani. Kila taa ilihesabiwa papo hapo, na kila kitu, kiwe ukuta, meza au jini atembeaye, kilitupa kivuli chake kwa kanuni moja. Taa ikining'inia na kuyumba, vivuli vyote chumbani viliyumba pamoja nayo. Ilikuwa ajabu ya wakati wake. Na vivuli vile vilikuwa vyeusi kabisa, kwa sababu mahali ambapo taa haikufika moja kwa moja hapakuwa na mwanga wa kurudishwa na kuta, kama ilivyo katika dunia yetu.

Katika giza hilo mchezaji alipewa tochi, na tochi hiyo ilikuwa na sharti. Aliyeishika hakuweza kushika bunduki, na aliyeshika bunduki hakuwa na tochi. Ukitaka kuona, uwe bila silaha. Ukitaka kupiga, upige gizani. Watungaji walikusudia hivyo. Walitaka mchezaji achague kila dakika baina ya macho na mkono, na hofu izaliwe katika uchaguzi huo.

Wachezaji walikasirika, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Hadithi ile yatokea mwaka 2145, katika kituo kikubwa cha wanadamu sayarini Mirihi. Je, watu waliovuka anga wakajenga mji juu ya Mirihi walikosa kipande cha kamba cha kufungia tochi juu ya bunduki? Jibu lilikuja kwa vitendo. Katika siku chache tu za kutoka kwa mchezo, mchezaji mmoja alitoa modi aliyoiita Duct Tape, yaani utepe mpana wa gundi, ule ambao Wamarekani huutumia kufungia kila kilichovunjika. Kazi yake ilikuwa moja: kuifunga tochi juu ya bunduki ya rashasha na juu ya bunduki ya marisau, ili mtu aone na kupiga kwa wakati mmoja.

Yafaa tutazame jinsi jambo hilo lilivyowezekana upesi hivyo. Mafaili ya Doom 3 yalifungwa katika furushi za kawaida ambazo programu yoyote ya kufungulia furushi iliweza kuzifungua. Ndani yake, habari za silaha na za nuru ziliandikwa kwa maneno yanayosomeka, si kwa alama zilizofichwa. Aliyejua kusoma na kuandika kwa lugha ile ya programu hakuhitaji kiwanda. Alihitaji programu ya kuandikia, subira, na kujaribu tena na tena. Ukarimu ulioanza mwaka 1993 ulikuwa bado hai. Kampuni ilikuwa imefunga tochi, lakini haikufunga mlango wa karakana. Na aliyeingia kwa mlango huo aliifungua tochi.

Modi hiyo ilipendwa na kuzungumzwa sana. Lakini je, ilikuwa haki? Tuwasikilize wote wawili. Anayemtetea mtungaji asema: hofu ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ukiiondoa, umeondoa utambi ukabakiza mafuta. Mtu aliyeucheza Doom 3 kwa mara ya kwanza akiwa na utepe hakuucheza ule mchezo uliotungwa. Alicheza mwingine unaofanana nao, mwepesi zaidi. Anayemtetea mchezaji ajibu: hofu ya kweli haitokani na kunyimwa kitu ambacho akili yoyote ingekipata. Sharti lisilo na sababu ndani ya hadithi haliogopeshi, laudhi. Na mtu aliyeudhika ameshatoka katika hadithi. Kila upande una neno la kweli, na mwenye macho haambiwi tazama.

Mimi naona modi ile iliwafaa hata walioipinga. Kabla yake, watu walibishana juu ya tochi kwa maneno matupu. Baada yake, kila mtu aliweza kucheza chumba kimoja mara mbili, mara kwa utepe na mara bila utepe, akapima mwenyewe ni kitu gani kilichopungua na ni kitu gani kilichoongezeka. Ubishi uligeuka kuwa jaribio. Ni mara chache katika historia ya sanaa wasomaji wamepata nafasi ya namna hiyo. Hatuwezi kuona tamthilia ya zamani ingalikuwaje kama mtungaji angaliwasha taa katika onyesho la tatu. Hapa yawezekana, tena kwa jioni moja.

Watungaji wenyewe walikubali mwishoni. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, kampuni ile ilitoa Doom 3 kwa sura mpya iliyoitwa BFG Edition. Humo tochi ilikuwa imefungwa katika deraya ya askari, naye akaweza kuiwasha huku ameshika bunduki. Lakini nguvu yake iliisha baada ya muda, ikabidi aizime ingojee kujaa tena. Tazama busara ya mapatano hayo. Mchezaji alipewa haki yake ya kuona, na mtungaji akabakiza haki yake ya kutisha. Tena wapo wachezaji waliodai kwamba mchezo ule wa kwanza, pamoja na taabu yake, ndio uliokuwa bora. Kizuri hakikosi ila, na pengine ila ndiyo iliyokuwa uzuri.

Kuna upande mwingine wa habari hii usiosimuliwa mara nyingi. Wakati wengine walipokuwa wakilipunguza giza la Doom 3, kikundi cha wapenzi wengine kilitamani giza hilo hilo. Mwaka 1998 ulikuwa umetoka mchezo wa Thief, uliotungwa na kampuni ya Looking Glass Studios, ambao ndani yake mchezaji ni mwizi asiyeweza kushinda kwa nguvu. Kinga yake ni kivuli. Chini ya kioo pana kito kinachomwonyesha ameangazwa kadiri gani, na katika podo lake mna mishale ya maji ya kuzimia mienge. Wapenzi wa Thief waliiona injini ya Doom 3 na vivuli vyake vinavyohesabiwa papo hapo, wakasema: hii ndiyo nyumba yetu. Walifanya kazi kwa miaka bila mshahara, wakaitoa modi yao, The Dark Mod, mwaka 2009; na mwaka 2013 ikawa mchezo kamili unaosimama wenyewe, wa bure, usiohitaji Doom 3 kuwapo.

Basi injini ni moja, giza ni moja. Kwa huyu ni adui, kwa yule ni rafiki. Mchezaji wa The Dark Mod akiongeza mwangaza wa kioo chake kupita kiasi hajidhuru mwili, lakini ajidhuru akili: aona mahali peupe, na kumbe kwa hesabu ya mchezo mahali pale ni peusi na walinzi hawamwoni. Macho yake na sheria za ulimwengu ule zimeachana. Hapo ndipo mtu atambuapo kwamba mwangaza wa kioo na nuru ya mchezo ni vitu viwili, kama tulivyosema juu ya kitufe na miwani.

Kampuni ya id Software iliendelea kufungua milango hata kupita pale ilipolazimika. Mwezi wa Desemba mwaka 1997 ilitoa msimbo wa injini ya Doom, yaani maandishi ya programu yenyewe, kila mtu ausome. Mwaka 1999 ilitoa wa Quake, mwaka 2001 wa Quake II, na mwezi wa Novemba mwaka 2011 wa Doom 3. Huu wa mwisho nusura ukwame. Njia moja ya kuhesabu vivuli iliguswa na hataza iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Creative Labs, na wanasheria wakaingiwa na wasiwasi. Carmack aliketi akaandika upya mistari michache ya programu, ili vivuli vifanywe kwa njia nyingine, kisha msimbo ukatolewa. Mtu aliyeutunga mwenyewe alilazimika kuufanyia marekebisho ili auweze kuutoa sadaka.

Matunda ya sadaka hizo yalionekana mbali na wakati wake. Mwezi wa Januari mwaka 2019, mtafiti Christoph Schied alitoa kazi iliyoitwa Q2VKPT, iliyojengwa juu ya msimbo wa Quake II, mchezo wa mwaka 1997. Ndani yake kila mwali wa nuru ulifuatwa njia yake yote, ukigonga ukuta na kurudi, ukigonga sakafu na kurudi, kama nuru ya kweli. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, kampuni ya NVIDIA ikatoa Quake II RTX, iliyoendeleza kazi hiyo. Vyumba vilivyotiwa nuru mara moja zamani, kwa ramani zilizobandikwa ukutani, sasa viliangazwa na jua lisogealo. Hakuna aliyetunga Quake II aliyeweza kulifanya jambo hilo mwaka 1997. Lakini aliyefungua msimbo mwaka 2001 alilifanya liwezekane.

Haya yote yatufundisha nini sisi tulio shuleni? La kwanza, tusidharau namba. Kiza kilichowatetemesha watu katika nchi nyingi kilikuwa namba baina ya 0 na 255, na aliyeijua namba hiyo hakutetemeka tena, aliuliza ilivyofanywa. Mtoto aogopaye hukimbia, mwanafunzi aogopaye hupima.

La pili ni adabu. Atakaye kugeuza kazi ya mwenzake na aitazame kwanza kama ilivyotungwa, walau kwa saa moja, akae katika giza la mtungaji kabla hajawasha taa yake. Kisha afanye marekebisho juu ya asili, si badala ya asili, ili aliyetunga asipotezewe kazi yake, na ajaye nyuma apate kulinganisha. Na atakapoyatoa marekebisho yake, aseme wazi ni yake, na yale ya mwenzake ni ya mwenzake.

La tatu ni uaminifu. Ukiwa peke yako chumbani, washa taa upendavyo; giza hilo halina mwingine wa kumwumiza. Lakini ukiwa na wenzako uwanjani, mwangaza ni mali ya wote, na kuuiba ni wizi ujapokuwa mkononi huonekani umebeba kitu. Wahenga walisema, ukipewa shibiri usichukue pima.

Na la mwisho lawahusu wale miongoni mwetu watakaokuwa watungaji. Siku moja mtatunga nyimbo, vitabu, programu au michezo, nanyi mtatia giza mahali mtakapoona giza lafaa. Litieni bila woga, maana kazi isiyo na kivuli haina umbo. Lakini msitie kufuli katika kila mlango. Yule kijana aliyefunga tochi juu ya bunduki kwa utepe hakuuharibu mchezo wa Doom. Aliwathibitishia waliomwachia mlango wazi kwamba kazi yao ilipata mtu wa kuijali hadi akataka kuitengeneza.